Mikono Juu Uwanjani

...na mkono wa Adero umeshapanda juu pamoja na ya wenzake, kwa sababu mwenyekiti Machage amesema wanaotaka karasha hapa uwanjani wanyooshe na wasishushe mpaka amalize kuhesabu, naye anahesabu taratibu kama mtu anayechambua mchele, moja, mbili, na karasha likija litasaga mawe ya dhahabu kutwa kucha, wasagaji watataka uji, na Adero ameahidiwa kibanda palepale pembeni, hatazunguka tena mashimoni na ndoo kichwani, shingo imemchosha, Mungu anajua, miaka mitatu... tisa, kumi... lakini wanaoanika muhogo hapa wataanika wapi, na watoto na mpira wao, ah, watazoea, senta yote ni vyumba tu, kila aliyetoka Kisaka au Machochwe kufuata dhahabu kapachika chake, ukikohoa jirani anakupa pole, "Nyoosha vizuri bana, mama Akello," Robi, jirani yake, anamnong'oneza, "ataona kama hutaki," naye ananyoosha... kumi na nne... na hapo aliposimama Machage, hapohapo, ndipo walipoliweka jeneza la Ogada baada ya shimo kumfukia, maana kwanza walilipeleka chumbani likagoma kukata kona ya uchochoro, wanaume wanne wakalisukuma, wakalirudisha nyuma, mume wake anarudishwa kama kabati, na Adero aliona aibu kabla hajaona uchungu, mpaka mtu akasema twendeni uwanjani, na senta nzima ikaja, Wakurya, Wajaluo, watu asiowajua hata majina, wakakaa naye chini siku mbili wakiimba kabla Ogada hajapelekwa kwao kuzikwa, na tangu siku hizo hakujiona mgeni tena hapa, na Robi, Robi huyuhuyu, alilala ubavuni pake juu ya turubai... sasa mashine ikishaanza kunguruma mtu ataliliwa wapi, Akello ataliliwa wapi, Mungu apishe mbali, yeye mwenyewe... "Kumi na tisa," anasema Machage, anageukia safu yao iliyoketi chini, kidole kinakuja, na kibanda bado anakitaka, asijidanganye, anakitaka sana, na mkono unashuka mpaka magotini. "Unaumwa?" anauliza Robi. "Hapana. Nimekumbuka tulipolala." Kidole kinampita, kinamhesabu Robi, wa ishirini, ambaye mkono wake bado uko juu lakini macho yameenda pale chini, miguuni pa mwenyekiti, na hayatoki.