Onyo la Mwaka wa Sabini

Nthenya ndiye aliyeandika programu ya kifaa cha kupima maji, kilichofungwa kwenye mto wa mchanga, mkavu mpaka mvua inyeshe, chini ya milima ya Mbooni. Maji yakipanda, kifaa kilipeleka onyo ofisini Kikima, na kompyuta ya pale ikawatumia wanakijiji ujumbe wasivuke.

Ndani ya kifaa mlikuwa na saa yenye betri yake, lakini kiini cha mfumo endeshi hakikuijua, kwa kuwa hakuna aliyekiandikia kiendeshi, ile programu ndogo ya kuisoma. Umeme ukipotea, kifaa kiliamka kikidhani ni Januari ya mwaka wa sabini, 1970, ambako kompyuta huanzia kuhesabu wakati, mpaka mtandao ukisahihishe. Nthenya alimweleza Musyimi, mkubwa wake. Musyimi akasema hilo lingoje. Likangoja, naye Nthenya hakulirudia.

Novemba mvua kubwa ikapiga milimani. Umeme ukakatika, ukarudi, na kabla saa haijasahihishwa maji yakapanda. Onyo lilifika Kikima likiwa na tarehe ya mwaka wa sabini. Kompyuta ikaliona limepitwa na wakati, ikalitupa. Mulwa, mfugaji wa mbuzi, akasombwa akivuka. Mwili wake ulipatikana siku ya tatu.

Baada ya mazishi Nthenya aliandika kile kiendeshi. Kilimchukua siku nne. Alichomoa umeme, akaurudisha, na tarehe ikasoma sawasawa. Aliitazama. Siku nne tu.

Musyimi alimkataza kwenda kwa wafiwa, maneno yasije yakaishia kortini. Akaenda. Mutanu, mjane wa Mulwa, alimpa kiti nje ya jiko, akamsikiliza akieleza habari ya saa mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Alinipigia simu akiwa ng'ambo ya mto," Mutanu akasema. "Huku hakukuwa na wingu. Akaniuliza kama ujumbe umekuja. Nikamwambia haujakuja, vuka."

Aligeuka kuangalia jikoni, akashusha sauti.

"Watoto sijawaambia. Nimekuwa nikijiambia ni mimi niliyemuua."

"Si wewe, mama. Ni sisi. Mimi nilijua."

Mutanu aliweka mikono mapajani. Kisha akafuta macho kwa leso.

"Asante kwa kuja," akasema. "Sasa nenda, msichana wangu, kabla sijaanza kukuchukia."

Nthenya akainuka, akashika njia ya mlimani kwa miguu.