Kilima cha Habimana

Fundi Sudi, mshonaji wa Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini Kigali, alikuwa na daftari la vipimo, na daftari hilo ndilo lililoleta balaa. Lau lingemponza yeye mwenyewe, ingekuwa nafuu. Lilimponza mtu mwingine, na hilo ndilo Sudi hakuweza kulimeza mpaka mwisho.

Mambo yalikuwa hivi. Rwanda baba ana jina lake na mtoto ana lake, na jina moja utalikuta kwa watu ishirini. Ita "Habimana!" sokoni, nusu ya soko itageuka. Sasa fundi afanyeje na suruali tano za akina Habimana? Marehemu baba yake Sudi, aliyekuja Kigali na msafara wa wafanyabiashara kutoka Ujiji, alimfundisha kuandika kiuno, mguu, bega, kisha kilima alikozaliwa mteja, maana kule kila mtu hutajwa kwa kilima cha kwao. Basi Sudi akaandika hivyo miaka yote: Habimana wa Nyanza, kiuno themanini. Habimana wa Gatsata, kiuno mia, na tumbo bado linakuja.

Hao wawili walifanya kazi ofisi moja, kule Kiyovu. Wa Nyanza alikuwa karani, mpole, mtu wa kusalimia mpaka watoto. Wa Gatsata alikuwa dereva, mtoto wa mwashi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Fundi," angesema akipimwa, "unaandika vilima vya wenzako, wewe kilima chako kiko wapi? Baharini?"

"Simama wima, tumbo hilo linanivunjia futi," Sudi angejibu, na baraza zima lingecheka. Walipendana, basi tu hawakuwahi kuambiana.

Siri ilikuwa kwa karani. Alikuwa Mtutsi, na baada ya Watutsi kuuawa Krismasi ya mwaka wa sitini na tatu alijitafutia kadi mpya ya utambulisho iliyosema ni Mhutu, mzaliwa wa Gitarama. Sudi alilijua hilo kwa sababu mke wa karani, Mukantwari, alikuwa mkunga. Ndiye aliyekuja mbio kwenye mvua kumzalisha Swafiya, mke wa Sudi, siku mtoto alipotanguliza miguu. Mama akapona, mtoto akapona. Tangu hapo wanawake hao wakawa ndugu, na ndugu hawafichani.

Mapinduzi ya Wahutu yaliyoanza mwaka wa hamsini na tisa yalikuwa yameshamwondoa mfalme wa Kitutsi na machifu wake, na fimbo yao ambayo wazee walionyesha makovu yake mgongoni. Haki ya Mungu, watu walikuwa wameonewa. Uhuru ulipokuja mwaka wa sitini na mbili, Sudi mwenyewe alishona bendera mpaka vidole vikavimba, akiamini fimbo imezikwa. Imezikwa wapi! Ilikuwa imebadilisha mkono tu.

Februari ya sabini na tatu yakaanza majina kubandikwa milangoni, kwanza mashuleni, kisha maofisini. Mtutsi akiona jina lake, anafunga virago. Alhamisi moja Nzeyimana, karani mwingine wa ofisi ile ile, akaja barazani na vijana wawili. Walijiita komite, yaani kamati.

"Fundi, daftari yako iko wapi?"

"Limo sandukuni. Ufunguo anao mke wangu, na yeye yuko msibani."

"Sikia. Kadi zimechezewa, lakini kilima hakichezewi. Mwaka jana nilikusikia hapa hapa ukisoma Habimana wa Nyanza. Ofisini tuna Habimana wawili, na wote wanakana Nyanza. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nakuja kuchukua." Akageuka akiwa ameshashuka ngazi. "Na nyinyi Waswahili msijisahau. Hapa ni wageni."

Nyanza ndiko lilikokuwa boma la mfalme. Mwaka ule mtu wa Nyanza alihesabiwa Mtutsi hata kabla hajafungua mdomo.

"Lichome," alisema Swafiya aliporudi.

"Nikilichoma wataniuliza nimemficha nani. Nao watajua."

Wakanunua daftari jipya, wakafunga mlango, Swafiya akasoma na Sudi akanakili. Walipofika kwa Habimana wa Nyanza, Swafiya akaweka kidole juu ya jina. Sudi akaandika: wa Gitarama. Lakini Nzeyimana alikuwa amelisikia lile jina kwa masikio yake, asingekubali litoweke. Ilibidi Nyanza ipate mtu.

"Huyu dereva ni Mhutu wa wazi," Sudi alisema. "Baba yake yu hai, majirani wapo. Watakwenda Gatsata, watauliza, watasema fundi amekosea. Basi."

"Na wasipouliza?"

Sudi alishika kalamu. Akaandika: dereva, wa Nyanza.

Ijumaa Nzeyimana akalichukua lile daftari jipya, na hawakuuliza. Nani anauliza wakati ana hamu ya kupata? Jumatatu jina la dereva likawa mlangoni, naye akalicheka, akidhani wenzake wanamfanyia mzaha. Akatoa kadi yake. Nzeyimana na vijana wake wakaichana, wakasema ni ya kughushi. Kisha wakamkamata mkono wa kulia, wakaubana kwa mlango wa gari alilokuwa akiliendesha. Wakaubana mara tatu. Habari zilipofika Biryogo, Sudi aliinuka kwenye cherehani, akafunga kazi mchana kweupe.

Julai wanajeshi wakachukua serikali. Redio ikasema umoja na amani, watu wakasema haya ni mapinduzi mengine, na komite zikayeyuka. Nzeyimana je, aliyeyuka? Thubutu! Alikuja kushona suti. Siku hizo alikuwa amepewa meza ya kusikiliza malalamiko ya waliofukuzwa. Sudi alimpima bega hadi bega, akaandika vipimo, akataja bei.

Mwezi wa nane dereva akaja barazani. Tumbo lilikuwa limekwisha. Mkono ulikuwa umejikunja kama wa mtu anayeshika kikombe, wala haukufunguka.

"Fundi, ulikosea, eti? Wateja wengi, mistari inapandana. Mimi sina kinyongo." Akakaa. "Baba amekwenda kunisemea, wamemwambia mzee anamtetea mwanawe. Njoo useme umekosea. Dereva siwezi tena, lakini hata kulinda lango watanipa. Nina watoto wanne. Ila Nzeyimana anasema, kama si mimi wa Nyanza, basi ni nani? Utamwonyesha tu kwenye daftari, yaishe."

Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililommaliza Sudi. Akisema alikosea, Nzeyimana atamtafuta wa Nyanza wa kweli, na hana haja ya kutafuta mbali, karani yuko chumba cha pili. Akikaa kimya, watoto wanne hawali.

"Kesho tutakwenda," alisema.

Wakaenda Kiyovu. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na karani Habimana alikuwa akipiga taipureta. Alipoisikia sauti ya Sudi, taipureta ikanyamaza.

"Haya, Fundi," alisema Nzeyimana, suti mpya ikimkaa sawasawa. "Habimana wa Nyanza ni nani?"

"Hakuna. Nilimtunga."

"Nilikusikia mwenyewe ukisoma!"

"Ulisikia nikimtania huyu. Kila akija ananiuliza kilima changu, ananiambia ni baharini, mbele za watu. Nami nikampachika Nyanza, kumkomoa. Ulipotaka daftari nikaona nafasi. Nikaliacha jina hivyo. Kwa hasira."

Nzeyimana akacheka mpaka akashika meza. "Waswahili bwana! Mtu amevunjwa mkono kwa maneno ya barazani!" Akasema hivyo yule yule aliyeubana mkono huo. Akachukua kalamu, akafuta Nyanza kwenye faili, akaandika Gatsata, akagonga muhuri. Lango dereva akapewa, aanze kesho.

Dereva hakuushukuru muhuri. Alikuwa akimwangalia Sudi tu. Walipotoka nje alimshika bega kwa mkono ule mzima, akamgeuza.

"Kwa utani tu, Fundi?"

Dirisha la chumba cha pili lilikuwa wazi juu yao, na ndani hapakuwa na mlio wowote. Sudi aliutazama mkono uliokunjika. Moyo wake ulimwambia sema, mwambie huyu, huyu ataelewa. Lakini mtu aliyevunjwa vile, na Nzeyimana amkute siku moja amelewa, au ana njaa? Na akitunza siri, je, si atakuwa amebebeshwa mzigo mwingine usiokuwa wake?

"Kwa utani," alisema.

"Mimi nilikuwa nakupenda," alisema Habimana wa Gatsata. Akamwachia bega, akashuka barabara peke yake, mkono mbovu ameuficha ndani ya koti ambalo Sudi alimshonea.

Juu dirishani, taipureta ikaanza tena.