Ukili wa Thoya

Haya alinihadithia wifi yangu Mwanaima mwaka wa uhuru, tukichagua mchele kwake Changamwe.

Mwanatumu alikuwa akiwafundisha majeruhi kazi za mikono hospitalini, ili viungo vyao vipate nguvu tena. Thoya, kuli aliyevunjika kidole gumba, akamletea ukili wa mkeka alioagizwa asuke.

"Andika nimepona, dada. Nirudi kupakia magunia."

Mwanatumu akaupapasa. Ulibana kotekote, kazi ya vidole vizima.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie ukili wake mzuri."

Thoya akacheka kwa haya. "Si uandike tu?"

"Nikiandika uongo, gunia litamwangukia mwenzio. Kaa, usuke wako."

Akasuka shibiri moja, nao ukili umelegea. Mwanatumu akaandika vivyo hivyo: amesuka mwenyewe, gumba bado halina nguvu. Alipoinua macho, Thoya alikuwa amechoka, kalala kitini.