Mji Mwingine Siwapi

Wewe unayesoma, kaa vizuri nikutegee, na ukishindwa unipe mji kama desturi yetu ilivyo. Nyumba yangu inakimbia huku inalia, na mwenye nyumba kalala. Umekijua? Ambulensi. Haya, mji wako baki nao. Mimi miji yangu ilikwenda, na nitakwambia ilivyokwenda.

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, saa saba mchana, bati linalia kwa jua, na mwanangu Nyamizi yuko ndani anapumua kwa mtungi wa oksijeni, siku ya tatu tangu ajifungue, kifua kimejaa maji. Hapa hawamwezi, anatakiwa hospitali kubwa. Gari la wagonjwa linanguruma mlangoni, na bado hatuondoki. Mpakieni twende, namwambia Sista Leokadia, muuguzi wake, mnasubiri afe? Naye hainui macho kwenye simu. Bibi, kule hawajapokea simu. Nani atampokea mwanao? Mimi sijui, wewe hujui. Siwezi kumrusha barabarani kama kifurushi. Namwambia, binti, wewe una roho ya chuma. Nageukia ukuta, nafumba macho kwa hasira, na ukuta unafunguka kama pazia, napita.

Niko ndani ya gari, limeshaondoka. Nyamizi kalala, mimi nimeinua chupa ya dripu juu ya kichwa changu, na Sista hayupo, hakuna wa kumwangalia mgonjwa ila mimi niliyeishia darasa la nne. Dereva hana uso, pale penye macho na mdomo ni laini kama kitako cha bakuli. Barabara inapita, inajikunja, inapita tena, daraja lilelile, kibanda kilekile cha vocha. Baba, tunakwenda wapi? Anasema, kitendawili. Nami mdomo umezoea, nasema tega. Ndani mwangu wamo wengi, hakuna aliyeingia. Nafikiri, nashindwa. Nipe mji, anasema. Nampa mji niliozaliwa, na mara tuko huko, hospitali ya kioo kitupu, na ndani ya kioo kuna gari kama letu na bibi kama mimi kainua chupa. Kumbe jibu ni kioo! Nimechelewa. Mlinzi asiye na uso anatikisa kichwa, hapa hatuna habari zenu, songeni mbele. Tunasonga, kinategwa kingine, nashindwa, nampa mji nilikoolewa, na huko ni kioo tena, na bibi yule tena, songeni mbele. Mshale wa mtungi unashuka. Midomo ya Nyamizi inakuwa rangi ya zambarau.

Kitendawili, anasema dereva. Nikiwa nacho hakuna anayekiona, kikiniishia wote wanajua. Pumzi! napiga kelele, pumzi ya mwanangu, mwanaharamu wewe, na inaisha! Umejitahidi, anasema, kipo kingine. Hakipo. Sitegewi tena na mji mwingine siwapi, hata mkinizungusha mpaka matairi yaote nywele. Sasa nauliza mimi, na si fumbo: nani anampokea mwanangu? Anabadilisha gia. Umeshindwa? Basi nipe mji wewe. Anasema, bibi, mimi sina mji, nina barabara tu. Basi zima gari. Gari hili halizimwi, bibi. Halizimwi na nani? Nimelea watoto saba na mbuzi wa baba yao, nishindwe na kigari? Mkono mmoja umeshika chupa, wa pili naupitisha begani kwake, nachomoa funguo. Barabara inakatika kama uzi.

Mkono wangu uko juu, hauna kitu. Benchi lipo, bati lipo, ila siamini, maana hata vile vioo vilikuwa na kila kitu. Sista Leokadia kasimama karibu na mitungi miwili iliyojaa, simu kaiweka sauti kubwa, inaita. Sista, namshika gauni, gari lisiondoke. Ananicheka, eh, si wewe uliyenitukana sasa hivi? Ni mimi, nisamehe mwanangu, lakini lisiondoke mpaka wajibu. Namkagua usoni, macho yapo, pua ipo, hata kidonda cha homa kipo mdomoni, na bado sina hakika niko upande upi. Simu inapokelewa. Sista anauliza, mgonjwa wetu wa kifua, nani anampokea? Sisubiri. Natoka kwenye benchi, napeleka mdomo kwenye simu. Wewe usiye na uso, nasema, mimi sisongi mbele, jibu ulichoulizwa!

Kunasikika viatu vinakimbia, kisha sauti ya mwanamke anayehema.

Mimi, bibi. Naitwa Daktari Ng'wandu. Kitanda ninacho, nimekishika kwa mkono wangu. Mleteni.