Sauti za Mwajuma na Zuhura

Riziki alitunza rekodi za wazee wa Kiluguru katika ofisi moja ndogo pale Mafiga. Asubuhi moja aligundua kosa: faili lenye jina la Bi Mwajuma lilibeba sauti ya mdogo wake, Bi Zuhura, na la Zuhura lilibeba ya Mwajuma. Sauti zenyewe hazikufanana hata kidogo. Mwajuma, ambaye kiharusi kilimlaza kitandani, alizungumza kwa kukokota. Zuhura alilima tangawizi huko juu milimani, Mkuyuni, alikoishi na dada yake, na sauti yake ilikuwa nyororo kama ya msichana.

Riziki hakutaka kunakili sauti moja pembeni kwanza. Umeme wa wiki ile haukuaminika, na ukikatika katikati ya kazi sauti moja ingepotea. Akatumia amri inayobadilishanisha yaliyomo kwa mpigo mmoja: ama sauti zote mbili zihame, ama isihame hata moja. Akabonyeza. Umeme ukakatika papo hapo.

Uliporudi, kila sauti ilikuwa chini ya jina lake. Akashusha pumzi.

Mchana Mansuri, mtoto wa Zuhura, alipiga simu. Alisema mama yake ameanguka shambani asubuhi ile, amepooza, na mama mkubwa ameinuka kitandani mwenyewe na kuomba jembe.

Kesho yake Riziki alipanda Mkuyuni. Alimkuta Mwajuma uani, anaosha tangawizi. Akamwamkia shikamoo. Marahaba iliyomjibu ilikuwa ya Zuhura, ile nyororo. Mwajuma hakuinua macho. Mansuri alinong'ona kwamba tangu jana mama mkubwa hajakanyaga chumbani kwa mdogo wake.

Riziki aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza alichokifanya. Akasema kompyuta anayo mkobani, anaweza kuzirudisha sauti zilivyokuwa.

Maneno ya Zuhura yalitoka kwa kukokota, kwa sauti ya dada yake.

"Nimembeba mgongoni miaka na miaka. Mwache naye atembee."

"Na wewe, bibi?"

"Usiguse, mjukuu wangu."

Riziki akauinua mkoba. Mlangoni alimkuta Mwajuma ameshika bakuli la uji, hathubutu kuvuka kizingiti. Akampisha. Alipofika uani alimsikia akiita, "Zuhura," kwa sauti ya Zuhura mwenyewe.