Siku Tatu za Kumlisha Baba Nje

Baba yangu alishuka kwenye ndege siku ya Alhamisi akiwa na mfuko wa maharage, mwavuli na uamuzi. Maharage alinipa hapo hapo uwanjani. Uamuzi aliutoa tulipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Mabanga hapa Goma, kabla hata sijamletea kiti.

"Masika, dimanche minarudi Butembo," akasema. "Minarudi na weye na mutoto. Goma imefungwa na vita kila upande. Laurent akipenda, atafuata."

Kisha akakataa kuingia ndani. Aliketi uani, juu ya jiwe la volkano, akampakata binti yangu Ernestine mwenye miezi minne. Nilipomletea maji ya kunywa aliyatazama tu, akageuza uso.

Ukoo wetu una desturi ambayo sikuwahi kuichukia hadi mwaka ule. Baba hali nyumbani kwa mume wa binti yake mpaka siku mzee wa upande wa mume amkalishe. Amshike mkono, amwonyeshe kiti, ammwagie maji ya kunawa, na kijana wa nyumba ashike beseni. Baada ya hapo baba anaweza kuja hata alfajiri kudai bugali, yaani ugali. Kabla ya hapo, hata kikombe hagusi. Sasa mume wangu Laurent ni yatima. Alilelewa na baba yake mkubwa, mzee pekee aliyebaki kwao, naye yuko Kiwanja, huko Rutshuru. Ndiye aliyekuja Butembo kuniomba, ndiye aliyesimama nasi kanisani. Kumkalisha baba tulisema tutafanya mtoto akizaliwa. Mtoto alizaliwa, na barabara ya Rutshuru ilikuwa na mwaka wa pili haipitiki kwa vita.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakumjua baba yangu, Papa Donat wa Butembo.

"Nyumba bila muzee ni nyumba gani?" aliniuliza. "Siku Laurent akishikwa na woga akukimbie, ni nani atamurudisha?"

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Laurent ni fundi wa umeme, mtu mpole kupita kiasi. Tukigombana, mimi ndiye ninayemsaidia maneno. Hawezi kunikimbia. Na kazi yake iko Goma, hawezi kuifungasha akatufuata. Nimewaona wanawake wa mtaani kwetu walioondoka "kwa wiki mbili tu" na kuonana na waume zao baada ya miaka mitatu. Wengine hawajaonana mpaka leo. Lakini baba akisema jambo, kwetu halijibiwi na binti.

Basi ikawa hivi: baba atalala parokiani, nasi tutamlisha mjini mpaka Jumapili, hiyo dimanche yake. Moyoni nilijiambia labda mji wenyewe utamlainisha.

Siku ya kwanza Laurent alitaka kujionyesha. Alimpeleka Himbi, kwenye hoteli ya kando ya ziwa yenye vitambaa vyeupe mezani, wanakokula watu wa mashirika ya misaada. Baba aliletewa samaki mmoja amelala juu ya jani la saladi, na vipande saba vya viazi vya kukaanga.

"Bugali iko wapi?" akauliza.

"Papa, hapa hatupikake bugali," kijana wa mezani akajibu.

"Sasa bale bazungu banashibaka na nini?"

Alirudi parokiani na njaa yake, na Laurent alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Nikamwambia Ijumaa aniachie mimi. Goma ya vitambaa vyeupe kila mgeni anaionyeshwa. Iko Goma nyingine ambayo haina kibao mlangoni, na hiyo naijua kama mfuko wa kitenge changu.

Kulipopambazuka nilimfunga Ernestine mgongoni, nikampitia baba, tukateremka Kituku. Mitumbwi ilikuwa inarudi kutoka ziwani na sambaza, wale samaki wadogo kama kidole cha mtoto, bado wanang'aa. Akina mama wameweka masufuria ya mafuta pale pale ufukweni. Unanunua, unakaangiwa, unatiwa chumvi na pilipili, unakula umesimama. Baba, ambaye maisha yake yote amekula samaki waliokaushwa, alimtia mmoja mdomoni kwa mashaka. Kisha wa pili. Kisha akanipa mwavuli nimshikie, ili mikono yote miwili iwe huru.

"Hii mbona munaificha?"

"Hatuifiche, Papa. Bageni habaamkake mapema."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia baba akicheka tangu tulipomzika mama. Nikaona nimeshinda, lakini alipomaliza kujifuta mafuta alisema, "Ni muzuri sana. Lakini dimanche tunaenda."

Mchana tulipanda mtaa wa Mapendo kwa Mama Shakila. Ukipita nje utaona pazia la maua tu, hutajua kama ndani kuna benchi nne na wali bora kuliko wote mjini, uliopikwa kwa mawese, na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kando yake. Babu yake Shakila alikuja kutoka Maniema na biashara, na mapishi hayo ni yake. Baba alikula akalegeza mkanda, ndipo akaulizia kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Papa, hapa ni kwa baislamu," Shakila akamjibu bila kukunja uso. "Pombe yangu ni hii." Akamwekea glasi ya chai ya tangawizi kali hata machozi yakamtoka. Baba alikunywa mbili, akatoka jasho, akasifu. Mlangoni akarudia wimbo wake: "Lakini dimanche tunaenda."

Shakila alinisikia nikisonya. Akanivuta pembeni. "Mupeleke kwa muzee wa fromage, hapo nyuma. Hakuna mutu anamujua. Baba yako atafurahi."

Jumamosi Laurent hakuwa na kazi, tukaenda wote. Uani nyuma ya kwa Shakila kuna nyumba ambayo lava ya mwaka elfu mbili na mbili iliizunguka ikagandia kwenye kuta zake. Ardhi ikapanda, nyumba ikabaki chini. Mlango wa mbele umezama kabisa. Leo unaingilia dirishani, unateremka ngazi sita, na unajikuta kwenye sebule ya zamani yenye baridi kama ya milimani kwetu. Rangi ya ukutani bado ni ya samawati. Kila upande kuna mbao, na juu ya mbao jibini za mviringo zimepangwa, nyingine nyeupe, nyingine tayari za manjano.

Mwenye jibini hizo, yule muzee wa fromage, anaitwa Munyakazi. Alitoka Masisi kwa miguu, bila ng'ombe hata mmoja. Maziwa huletwa kwenye bidoni, madumu ya plastiki, kutoka kwa wafugaji waliofika kambi ya Mugunga na mifugo michache. Anatengeneza jibini chache kwa wiki, anazigeuza asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe halali kambini kwa sababu mwenye nyumba anamwacha alale hapo hapo na kuzilinda.

Baba alinyoosha mkono achukue kipande.

"Hapana, muzee," Munyakazi akasema. "Kwangu mutu hakule amesimama."

Akamshika baba mkono, akampeleka kwenye kigoda pekee kilichokuwepo. Akachukua birika la maji kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine. Laurent, ambaye hawezi kumwona mtu ana mzigo akanyamaza, alimpokea beseni. Munyakazi akamwaga maji, baba akanawa. Kisha akakatiwa jibini na ndizi mbivu, na walikaa kitambo kirefu wakizungumza habari za majani ya ng'ombe na baridi ya milimani. Mimi nilikuwa namwangalia Ernestine asivute jibini za watu. Sikutambua kilichotokea.

Tulipofika barabarani baba alisimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa.

"Kumbe muzee mulikuwa naye!" akasema. "Mulitaka kunijaribu?"

"Muzee gani, Papa?"

"Huyu. Amenikalisha, ameninawisha, na Laurent ameshika beseni. Mutu hashikake beseni kwa muzee asiye wake. Basi kesho nitakula kwenu. Akuje anikalishe mulangoni kwenu, kwa haki. Na ile mambo ya avion, ya kurudi na weye Butembo, tutaiacha."

Laurent alifungua mdomo. Mimi nikamkanyaga mguu. Sitajitetea: nilimkanyaga kwa nguvu, na baba akaenda zake parokiani akipiga mluzi.

Tulirudi chini kwa Munyakazi nikamweleza yote, mbio mbio, kama mtu anayekiri dhambi huku akipanga kuirudia. Alinisikiliza huku akigeuza jibini zake moja moja. Aliuliza swali moja tu.

"Nitasema uongo?"

"Hapana, Papa. Utamwaga maji tu."

"Nitakuja," akasema.

Jumapili baada ya misa baba na Munyakazi walikuwa mlangoni kwangu, wamevaa makoti. Nilikuwa nimepika bugali, kuku na mboga za lenga-lenga, na katikati ya meza kulikuwa na jibini nzima ambayo Munyakazi aliileta imefungwa kwenye jani la ndizi. Alimshika baba mkono, akamwingiza. Kwa mara ya kwanza baba yangu akapita kizingiti cha nyumba yangu. Alitazama picha ya harusi ukutani, akatazama kitanda cha mtoto, akaketi. Alinyoosha mikono yake juu ya beseni, mikono ile mikubwa ya jembe iliyonilea, na akawa anangoja kwa heshima macho yakiwa chini. Laurent alinitazama. Munyakazi akainamisha birika.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko zote, toka jikoni hadi mezani.

"Papa, huyu si muzee wa Laurent," nikasema. "Tumejuana naye jana, siku moja na weye. Laurent alimusaidia beseni tu. Mimi nilikuacha uamini."

Maji hayakumwagika. Nilijua nimejifungia mzigo wa Butembo kwa mikono yangu, na nilimwonea Laurent huruma. Baba hakunitazama. Lakini mikono yake hakuirudisha.

"Laurent," akasema polepole, "huyu muzee, ulimuomba?"

"Hapana, Papa. Niliona haya. Mutu amepoteza batu bake bote, unamuendea namna gani kumuambia akuwe wako?"

"Unamuendea hivyo hivyo tu."

Laurent akaweka beseni sakafuni. Akapiga magoti mbele ya mtu mwenye jibini, yeye ambaye hata mteja asiyemlipa anashindwa kumsemesha, na sauti yake haikutetemeka. "Papa Munyakazi, sina muzee hapa. Nakuomba ukuwe muzee wangu."

Munyakazi akatua birika mezani.

"Minakubali," akasema. "Lakini mimi sitakuwa muzee wa kumwaga maji tu. Kama hii nyumba ina muzee, basi neno la kwanza ni hili: bibi ya hii nyumba haende na avion. Na mutoto haende."

Mishipa ya shingo ya baba ikasimama. "Unanikataza mutoto wangu?"

"Minakukataza. Ndiyo kazi munanipatia leo." Mzee alikuwa akiongea kwa upole, kama anayeeleza bei ya maziwa. "Siku tulikimbia Masisi, niliambia batoto wangu bawili: mutangulie Goma, mimi nitafuata na ng'ombe. Nilifika. Batoto habakufika. Basi kwa nyumba yangu hakuna mutu atatangulia tena. Kama ni kukimbia, batakimbia bote siku moja."

Tangu mama afe hakuna mtu aliyemwambia baba hapana. Mimi sikuthubutu, wala ndugu zangu. Alimtazama mzee yule, kisha mjukuu wake aliyekuwa ananyonya kidole. Desturi aliyoibeba kutoka Butembo ilikuwa imemketisha kwenye kiti, na sasa ilikuwa inamwamuru.

"Ulikuwa unaogopa nini, Papa?" nikamuuliza, na machozi yananitoka waziwazi, sikuona sababu ya kuyaficha.

"Kwamba siku nikikosea juu yako, hakutakuwa mutu wa kunikatalia," akasema.

Akanyoosha tena mikono. Laurent akainua beseni, mzee akamwaga maji, na baba yangu akala. Alikula bugali mara mbili, akamaliza mchuzi, akadai jibini, akamwambia Munyakazi "Wasingya", asante yetu ya nyumbani, ambayo huwa hampi mtu ovyo.

Alasiri alipanda ndege peke yake. Tulimsindikiza mpaka uwanjani: mimi na mtoto mgongoni, Laurent na mwavuli wa baba, na mzee wa nyumba yetu akiwa ametangulia mbele.