Kitabu Nilichokihifadhi Edani

Uso wangu niliuona kwenye kompyuta ya watu, Kilifi, asubuhi ya mtihani. Skrini ilikuwa haijawashwa, nyeusi tii, na ndani yake alikuwamo mwanamke aliyekonda, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma kabla sijatambua kuwa ni mimi. Tangu Gharib azikwe sikuwa nimejitazama.

Kwao marehemu mume wangu, mwanamke aliye edani hatazami kioo. Sharia haisemi hivyo, lakini mavyaa wangu hakuwa mtu wa kuulizwa sharia nyumbani kwake. Matanga yalipoondoka alizunguka vyumbani na leso, akafunika kioo cha kabati, kisha cha ukutani. Alipofika kwenye kompyuta ya mwanawe aliinama, akaiona sura yake mle.

"Hiki nacho kioo," akasema, akaifunika.

Sikubishana naye. Lori lilikuwa limemuua mwanawe njia ya Gede, na macho yake yalivimba kuliko yangu.

Shauri lilikuwa limeshakatwa. Eda ikiisha, kaka yangu Abdulhadi angekuja kunirudisha kwetu Pate, na mwanangu Widad, wa miaka sita, angebaki hapa Barani, Malindi, kwa bibi yake. "Mtoto ana kwao," mavyaa alisema. "Na wewe huko utamlisha nini?" Jibu nilikuwa nalo moja tu. Kampuni fulani ya Kilifi ilitafuta watu wa kuandika programu, haikujali vyeti, ilijali mtihani. Gharib ndiye aliyeniambia, naye alikuwa ndiyo kwanza aanze kunifundisha. Nikifaulu, nakodi chumba nakaa na mwanangu. Nisipofaulu, basi tena.

Nilimwomba shoga yangu Jhanvi anitafutie kitabu kizuri. Babake, mzee Gokaldas, ana duka la vitabu mjini Malindi. Maskini, alihangaika. Alileta vyembamba viwili, akavidharau mwenyewe akavirudisha, mwisho akaja na kimoja kinene, jalada limechujuka kwa jua la dirishani.

"Lakini kitabu peke yake hakitoshi, Batuli," akasema. "Kuna tovuti moja nzuri, ina mazoezi. Unaandika, unakosea, inakuonyesha ulipokosea. Hata kwenye simu inafunguka."

"Simu nayo kioo. Iko kwa mavyaa."

Tulicheka, kicheko changu cha kwanza tangu msiba. Chumba cha pili mavyaa akakohoa.

Basi nikasoma kama nilivyosomeshwa Kurani chuoni Pate. Huko hakuna kuruka. Unaanza mwanzo, unahifadhi, unamsomea mwalimu bila kutazama, ndipo unapofunguliwa ukurasa mwingine. Hata mazoezi ya mwisho wa kila sura niliyahifadhi pamoja na majibu yake. Maelezo niliyageuza kwa Kiswahili changu, nikayatia mahadhi, na Widad aliyekuwa akicheza miguuni pangu akaanza kunipokea. Mimi: "Rudia." Yeye: "Mpaka sharti litimie!" Siku niliyokihitimu kitabu nilipika kaimati, tukala mimi na yeye kama tuliosoma khitma. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Eda iliisha. Abdulhadi alikuwa ameshafika, akakubali kungoja mtihani upite.

Msimamizi alikuwa msichana mpole, jina lake Easter. Aliniuliza kitanzi katika programu, kile cha kurudia, ni nini. Nikamjibu kitabu kizima, kwa mtiririko, hadi akaiacha kalamu.

"Umesomea wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Hongera. Sasa niandikie programu ya kuyapanga majina haya."

Akaiwasha kompyuta, na uso wangu ukapotea. Nikaandika. Ukatokea mstari mwekundu. Nikafuta, nikaandika yale yale, nao ukarudi. Niliyaita maneno yote niliyoyahifadhi na hakuna lililohusu wekundu ule, kwa sababu kitabu kile kizima hakikuwa na kosa hata moja. Nikajikuta nasoma kwa sauti, nayumba kama chuoni, na wenzangu wakageuka kunitazama. Easter akainama karibu yangu.

"Dada, hujawahi kuiona ikikataa?"

"Sijawahi."

Aliniwekea mkono begani, akaniacha nikae mpaka muda ukaisha.

Siku ya safari mavyaa alimshika Widad mkono mlangoni. Mtoto hakulia, alidhani naenda kurudi. Alinipigia kelele hadi mwisho wa kichochoro, "Mama, sema rudia!" Nilisema. Sijui kama alinisikia.

Tovuti ya Jhanvi ninayo sasa kwenye simu. Nakosea kila siku, inanionyesha, nakosea tena. Mwezi uliopita niliandika programu ya kuyapanga majina, ikakubali mara ya kwanza, nikalia peke yangu jikoni. Kilifi hawatafuti watu tena. Mavyaa naye anasema mtoto ameshazoea, nisimsumbue.

Kila Ijumaa nampigia Widad. Huanza mimi, na yeye hupokea, ndiyo salamu yetu. Ijumaa iliyopita nikaanza kama kawaida.

"Rudia," nikasema, nikangoja.

Nilisikia katuni za televisheni nyuma yake, na bibi yake akimwita kula.

"Mama," akasema, "nimesahau inavyoendelea."

Nikamwambia si kitu, aende akale.